Kupima mabaki ya chombo cha mbao chini ya maji: mkuku, mataruma na misumari vinasema nini

Anayezamia kutazama chombo cha mbao kilichozama zamani hutarajia kuona omo na mlingoti. Mara nyingi anachokuta ni rundo la mawe. Mawe hayo ni farumi, uzito uliowekwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ili kisiyumbe, na ndiyo yaliyookoa kilichobaki: yamekikandamiza kitako cha chombo hadi kikazama ndani ya mchanga, mahali pasipo na oksijeni. Mbao zilizobaki wazi huliwa na teredo, mnyama wa jamii ya chaza anayetoboa mbao kama keekee. Bahari ya Baltic ina chumvi kidogo mno kwake. Ndiyo maana meli ya Uswidi iitwayo Vasa, iliyozama mwaka 1628, iliopolewa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima. Kwingineko, kupata mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mataruma (mbavu zake za mbao) ya chini na ubavu mmoja, ule uliolaliwa, tayari ni bahati njema.

Kipande hicho kinatosha kueleza chombo kiliundwaje, lakini kwanza lazima kifikiwe bila kuharibiwa. Ubao uliokaa majini karne nyingi hudanganya macho. Umbo lake ni lilelile, lakini bakteria wameshakula sehemu kubwa ya nyuzi zake, na uso wake umelainika kama sabuni iliyolowa. Alama za tezo na msumeno ziko kwenye milimita za juu kabisa za uso huo. Mwiko wa chuma huzifuta kwa mkwaruzo mmoja. Mchanga huondolewa kwa kupepea maji kwa kiganja, kwa brashi laini, na kwa bomba la kufyonza linaloshikwa mbali kidogo na mbao, lisiziguse.

Kabla ya kupima ubao wowote, huwekwa alama nne imara za rejea nje ya mabaki, zikizunguka eneo lote. Kati ya alama nne kuna umbali sita: pande nne na mishazari miwili. Vipimo vitano vinatosha kuchora umbo lake. Cha sita ni cha kuvikagua hivyo vitano. Kisipokubaliana navyo, kuna aliyesoma vibaya, na ni heri kujua siku hiyohiyo kuliko baada ya kurudi nchi kavu. Kisha kila nukta muhimu hupimwa kutoka alama tatu au zaidi, pamoja na kina chake. Kosa la kawaida ni utepe unaopindwa na mkondo wa maji: utepe uliojipinda husoma umbali mrefu kuliko wa kweli. Kwa hiyo utepe uvutwe ukaze, na masafa marefu yaepukwe.

Siku hizi picha mamia huunganishwa na programu ya kompyuta kuwa sanamu ya pande tatu. Kila picha ifunike walau asilimia 60 ya iliyotangulia, na fimbo za urefu unaojulikana zionekane ndani ya picha, la sivyo sanamu haina kipimo. Taa ni lazima, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu katika mita chache za mwanzo. Kazi hii ni ya haraka na nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo: timu huamini imemaliza. Kamera haitofautishi kichwa cha kigingi cha mbao na fundo la ubao. Haioni msumari uliofunikwa na gamba la kutu na mchanga. Mtu aliye na kibao cha kuandikia na vidole vyake bado anahitajika.

Kila kipande hupewa namba kwenye kibandiko cha plastiki, kikipigiliwa kwa msumari usioshika kutu mahali pasipo na alama ya fundi. Kwa mkuku, pima upana na kimo, na eneo na mkato wa kila kiungo. Kwa taruma, pima upana unaolalia ubao, kimo chake kutoka ubaoni kwenda ndani, na umbali kutoka katikati ya taruma moja hadi katikati ya lingine. Kwa mbao za ganda, yaani zinazokifunika chombo kwa nje, pima upana na unene, ukiandika wazi palipoliwa na teredo, maana unene uliopungua ukichukuliwa kuwa wa asili humfanya mtu aone chombo dhaifu ambacho hakikuwepo. Mkunjo wa ubavu hupatikana kwa kuweka kipimapembe kila sentimita 10 au 20 kando ya taruma.

Kazi iliyo na faida kuliko zote ni ya misumari na viungo, kwa kuwa humo ndimo mpangilio wa ujenzi ulimojificha. Swali ni moja: nini kilitangulia, ganda au mataruma? Katika chombo cha Kyrenia, kilichoundwa katika karne ya nne kabla ya Kristo na kuzama karibu na Kipro, mbao za ganda zimeshikana ukingo kwa ukingo kwa ndimi za mbao zilizoingizwa kwenye matundu. Mataruma yaliwekwa baadaye. Katika chombo cha Belitung, kilichopatikana Indonesia, cha karne ya 9, mbao zilishonwa kwa kamba. Ukikuta misumari ya mlalo inayounganisha taruma la chini na la ubavu, angalia nafasi iliyopo kati ya mataruma. Ikiwa ni finyu kiasi kwamba nyundo isingepita, basi mataruma hayo yaliunganishwa chini, kisha yakainuliwa juu ya mkuku yakiwa tayari. Katika vyombo vya Waholanzi vya karne ya 17 huonekana matundu madogo yaliyozibwa kwa vijiti kwenye mbao za chini: ni kovu za misumari ya vishikizo vya muda vilivyozishika mbao kabla mataruma hayajaingia. Mtu anayepima kwa pupa huyapita bila kuyaona.

Chuma chenyewe mara nyingi kimeshayeyuka na kubaki shimo ndani ya gamba. Gamba lisivunjwe: lipigwe picha ya eksirei, kisha shimo lijazwe gundi ya epoksi, na umbo la msumari litatoka kamili. Ganda likiwa na bati la shaba, chombo kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha baada ya mwaka 1761, Waingereza walipolijaribu kwenye meli ya HMS Alarm.

Sampuli huchukuliwa mwisho, vipimo vyote vikiwa vimekamilika. Kwa kutambua aina ya mti, kipande kidogo cha sentimita moja au mbili kinatosha. Kwa kuhesabu pete za ukuaji huhitajika kipande kilichokatwa kuvuka ubao mzima, chenye pete zisizopungua 50, na ikiwezekana kifike hadi ubao wa nje uliokuwa chini ya gome. Bila sehemu hiyo ya nje, tunapata mwaka ambao mti ulikuwa bado hai, lakini mwaka wa kukatwa hatuujui. Ubao mmoja hautoshi pia, kwani unaweza kuwa kiraka cha matengenezo au mti wa chombo cha zamani uliotumika tena. Sampuli ihifadhiwe ikiwa imelowa, gizani. Ikikauka hujikunja na kupasuka.

Onyo moja kwa wachoraji: mkunjo uliopimwa sakafuni mwa bahari sio mkunjo wa chombo kilipokuwa kikielea. Misumari inapoliwa na kutu, ubavu hufunguka na kulala. Pembe zilizochongwa na fundi kwenye taruma, pale linapokutana na ubao, ni shahidi bora zaidi wa umbo la asili.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 wa kulinda urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unataka kuhifadhi mabaki palepale kuwe chaguo la kwanza. Ndivyo ilivyofanyika kwa ganda la meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa mwaka 1697 na kuchimbwa kati ya 1977 na 1980. Kwa hiyo mabaki hufunikwa tena, mchanga ukitangulia, juu yake kitambaa maalumu na magunia. Alama nne za rejea haziondolewi.