Upasuaji kuahirishwa si dalili kwamba umeshindikana

Umefunga kula, begi liko tayari, kisha unaambiwa majibu ya vipimo hayajakaa sawa, rudi nyumbani. Wengi hapo huamini ugonjwa umeenea, au madaktari wamekata tamaa. Mara nyingi sivyo. Vipimo hivi hasa huangalia kama mwili utastahimili dawa ya usingizi na kupoteza damu, na kama kidonda kitapona.

Chukua upungufu wa damu. Mtu anaweza kuendelea na shughuli zake bila kujua anao, lakini akifika mezani kwa upasuaji hana akiba. Vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kuijenga akiba hiyo, ndiyo maana tarehe husogezwa mbali hivyo. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na maambukizi hupata mwanya. Presha ikifika 180/110, upasuaji usio wa dharura kwa kawaida husubiri.

Kuvunjika moyo ni haki yako. Ulishaomba ruhusa kazini na kujiandaa kwa hofu yote ile. Kibaya, kwa maoni yangu, ni kukaa tu ukingoja simu. Uliza: ni kipimo gani, kimesoma ngapi, kinatakiwa kifike wapi, na kitarudiwa lini? Usiache wala kuongeza dawa kwa kujiamulia. Na maumivu yakizidi au dalili mpya ikijitokeza, usingoje tarehe mpya. Toa taarifa siku hiyo hiyo.