Kiharusi kimezidi siku hizi? Inategemea unahesabuje

Kila tukienda kutoa elimu tunaulizwa hili, mbona zamani kiharusi hakikuwa hivi, siku hizi kila mtaa yupo aliyepooza upande. Ukihesabu vichwa ni kweli, kati ya 1990 na 2019 watu wanaopata kiharusi duniani kwa mwaka waliongezeka kwa asilimia 70, wakafika kama milioni 12. Lakini ukisawazisha umri, yaani mtu wa miaka 60 wa leo umpime na wa miaka 60 wa enzi zile, hatari imeshuka kwa asilimia 17. Watu tumekuwa wengi na tunaishi mpaka uzee, na kiharusi kinawafuata zaidi wazee, basi.

Japani ndo mfano naupenda. Kuanzia 1951 mpaka 1980 kiharusi kiliongoza kwa kuua watu kule, na mkoa wa Akita, kaskazini kwenye baridi kali, ulikuwa balaa, maana mboga za msimu mzima zinalowekwa kwenye chumvi na mtu alikuwa anakula zaidi ya gramu 20 kwa siku (WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, inasema isifike 5!). Hawakugundua dawa ya miujiza, walipima watu presha hadi vijijini, wenye presha wakaanzishiwa dozi, wakahubiri kupunguza chumvi, friji nazo zikaingia majumbani mboga zisihitaji chumvi ili zikae, na 1961 bima ya afya ikawa ya kila raia. Ukisawazisha umri, vifo vya kiharusi vimeshuka zaidi ya asilimia 80 toka miaka ya 60.

Sasa kuishi sana ni kitu kimoja na kuishi ukiwa mzima ni kingine, 2019 Mjapani alitarajiwa kuishi miaka 84 hivi ila yenye afya njema ni kama 74, na kwa dunia nzima ni 73 kwa 64 hivi. Hiyo miaka tisa kumi hapo katikati ndo inanisumbua mimi kuliko takwimu za vifo, coz ndo miaka ya kulishwa na kugeuzwa kitandani, na mara nyingi kuna binti kaacha biashara yake amuuguze mzazi, huyo hahesabiwi popote.

Kwetu Tanzania, utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, vijijini, wagonjwa wapya wa kiharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar mjini 316, na hapo umri umeshasawazishwa, so msiniambie ni uzee tu. Presha ndo inayoleta kiharusi, chumvi inaipandisha, na haiumi jamani, mtu anatembea nayo miaka, afu akiletewa chipsi anamwaga chumvi hata hajaonja.

Na mdomo ukienda upande, mkono ukaishiwa nguvu au maneno yakawa hayaeleweki ghafla, msianze kuzunguka kwa waganga kutafuta nani kamroga, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu toka dalili zianze, tena mpaka apigwe CT scan (picha ya ndani ya kichwa) kwanza ionekane sio mshipa uliopasuka. Andikeni mara ya mwisho alionekana yuko sawa ilikuwa saa ngapi, daktari atawauliza hicho.