Eti ardhi haishuki bei

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza WhatsApp: "Mthamini, nataka kuweka hela kwenye kiwanja Mwanza. Si ardhi haishuki bei?" Juzi aliyeuliza ni mhasibu. Mhasibu mzima! Basi tuongee.

Ardhi hushuka, ila haishuki mdomoni mwa muuzaji. Muuza sato wa Mwaloni Kirumba asubuhi anakutajia bei ya kiburi, jioni anakuita mwenyewe, kwa sababu samaki anaoza. Kiwanja hakiozi, kwa hiyo mwenyewe hapunguzi, anasubiri. Chukua kiwanja cha Usagara, nje kidogo ya jiji kwenye barabara ya kwenda darajani Kigongo, kilichotajwa milioni 20, mwenyewe akakomaa na bei hiyohiyo miaka mitano mpaka mteja akapatikana. Dalali atakuambia bei imesimama. Imesimama wapi? Milioni 20 ya mwisho hainunui saruji na nondo kama ya mwanzo, na miaka yote hiyo kiwanja hakikulipa hata senti. Mwaka 2022 Benki Kuu iliposhusha riba ya hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, watu walilia. Kiwanja chenye majani kinatoa sifuri na hakuna anayelia.

"Lakini daraja!" Ndiyo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria kwenda Sengerema, lilifunguliwa Juni 2025. Na Fela, wilayani Misungwi, ndiko lilikowekwa jiwe la msingi la reli ya SGR ya Mwanza–Isaka mwaka 2021. Nani asiyejua? Anayekuuzia naye anajua, ndiyo maana daraja lilishaingia kwenye bei tangu nguzo zinasimikwa. Unanunua habari aliyokwishaiuza mwenzako.

Halafu daraja lina pande mbili. Zamani foleni ya pantoni ilimlazimisha mwenye shughuli zake mjini atafute kiwanja upande huu wa Mwanza. Sasa Sengerema imesogea, na huko ardhi ni tele. Mwenye kiwanja Usagara amepata washindani ambao hakuwa nao. Na zile biashara za pale kivukoni ziliishi kwa abiria waliokuwa wakisubiri. Nani anasubiri tena? Mtu akikuambia miundombinu inapandisha bei, muulize inapandisha ya nani.

Sasa, bei halisi ni ipi? Hapa vitabu vyetu vinajifanya. Vinasema linganisha na mauzo ya karibuni. Mauzo yapi? Mkataba unaopelekwa kwenye uhamisho wa hati mara nyingi umeandikwa pungufu, ili kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya kuuza) na ushuru wa stempu visiume. Bei anayoitaja jirani imeongezwa kwa ajili ya heshima. Anayeijua ile iliyolipwa kweli ni dalali, naye ana kamisheni yake ya kulinda. Mimi napita katikati ya hao watatu, kisha natoa ripoti yenye tarakimu mpaka elfu ya mwisho, na muhuri juu. Wathamini wawili waadilifu wanaweza kupishana robo nzima ya bei kwenye nyumba moja ya Buswelu na kila mmoja akawa na hoja. Benki haipendi kusikia hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo acheni kuuliza "viwanja vinauzwaje?" Uliza kilichouzwa mwisho mtaa huo kilikaa sokoni muda gani, na kilianza kutajwa kwa bei gani. Dalali akianza kuangalia pembeni, jibu umeshapata.

Kwa nyumba, anza na kodi ya pango. Nyumba ya milioni 120 inayopangishwa laki nne kwa mwezi inaleta milioni 4.8 kwa mwaka, yaani asilimia 4, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwa ajili ya serikali, ukarabati na miezi ya kukaa tupu. Vyumba vya wanafunzi Malimbe naviamini zaidi, ingawa likizo navyo vinanuna. Kiwanja cha mlimani ni cha bei nafuu mpaka umwite fundi wa kupasua mawe. Upekuzi wa hati, saini ya mke, hayo mnayajua.

Imebaki "beach plot", kiwanja cha ufukweni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa, ila ukingo upi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda, kuta za watu zikaingia majini, baadaye maji yakarudi nyuma na matangazo ya viwanja yakarudi nayo. Kila muuzaji anapima kuanzia pale maji yalipo siku ya mteja kuja. Mimi naanzia alama ya juu kabisa ninayoiona kwenye mawe au kwenye ukuta wa jirani. Mteja hununa, kwa sababu nusu ya kiwanja chake naihesabu kama bustani.