Minara kuonana haitoshi

Juzi tena. Tuko kilimani huku Kigoma, tunaunganisha minara miwili kwa redio kuvuka ziwa, mteja ananinyang'anya darubini: "Fundi, si mnara ule pale ng'ambo? Tunauona! Funga dishi tushuke." Huyu ni wa nne mwaka huu. Naandika ili wa tano nimtumie hii.

Wimbi si uzi. Chukua redio ya gigahezi 6, urefu wa wimbi sentimita 5, umbali kilomita 40 juu ya maji. Nenda katikati, panda mita 22.4 juu ya mstari wa dishi kwa dishi. Hapo una pembetatu mraba mbili, zimetazamana kama mtu na kioo chake: kitako kilomita 20, kimo mita 22.4. Piga Pythagoras. Upande wa mshazari umezidi kitako kwa sentimita 1.25 tu! Mbili zote, 2.5. Hiyo ni nusu wimbi, na ndiyo mpaka wa kanda ya kwanza ya Fresnel, yaani nafasi ya kuzunguka mstari ambayo wimbi linaitumia kupita. Ukiziba sehemu kubwa ya kanda hiyo, mawimbi yaliyokuwa yanasaidiana hayafiki.

"Mbona macho yanaona?" Kwa sababu macho yanatumia mwanga. Nao ni wimbi la sumaku-umeme, pembetatu ni zilezile, ila urefu wa wimbi lake ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Rudia hesabu: kimo kinashuka hadi sentimita 7. Mwanga unapenya kwenye tundu la panya, redio inataka mlango wa gereji. Darubini imekupa jibu sahihi la swali ambalo sikuuliza.

Halafu ziwa si sahani. Kwa kilomita 40, maji ya katikati yamebenuka kama mita 23.5, kwa hesabu ya kawaida ya redio. Weka madishi mita 30 juu ya maji: minara inaonana vizuri, lakini nafasi iliyobaki kati ya mstari na maji ni mita 6.5. Sisi tunataka asilimia 60 ya kanda, mita 13.4.

Hiyo "hesabu ya kawaida" nayo ni wastani wa jinsi hewa inavyopinda mawimbi. Alfajiri, ziwa likiwa limelala, hewa haisomi vitabu. Mimi huongeza mita tano, na nakiri ni kwa woga, si kwa kanuni.

Mteja akauliza kama tukiongeza nguvu ya redio itapita. Nikamwandikia bei ya mlingoti.