Steringi Hafi, Je Mji Wake?

Jumamosi ya kunyoa kule Pasua, Moshi, huwa ni kikao. Kijana anayesubiri zamu ana katuni za Kimarekani kwenye simu, kinyozi anazijua hadithi zilezile kupitia muvi zilizotiwa sauti za Kiswahili za kibandani, na mimi niliyeanza enzi za makaratasi najifanya mwalimu wao. Wiki hiyo ubishi ulikuwa mmoja tu: adui akiangusha ghorofa, wale waliokuwamo ndani wanakumbukwa na nani? Kila mtu alikuwa na jibu, na karibu kila jibu lilikuwa na ufa.

"Hao ni watu wa kufa tu. Ukifungua ukurasa wa pili wameshasahaulika."

Alisema kinyozi, na kwa muvi nyingi za kibandani simlaumu. Steringi anapita, magari yanalipuka, tunapiga makofi.

Lakini kuna Coast City. Mwaka 1993, katika hadithi za Superman, maadui wawili, Mongul na Cyborg Superman (huyu si Superman mwenyewe), waliufuta mji huo wote kwa mabomu, watu milioni saba kwa mkupuo. Ulikuwa mji wa Hal Jordan, yule shujaa Green Lantern anayepata nguvu zake kwenye pete ya kijani, naye hakuwapo siku hiyo. Mwaka uliofuata alisimama juu ya vifusi akaujenga mji upya kwa mwanga wa pete yake: barabara, nyumba, wazazi wake, msichana aliyewahi kumpenda. Akazungumza nao. Kisha nguvu ya pete ikaisha, wote wakayeyuka mbele ya macho yake, na wakuu wake wakamkaripia kwa kuitumia pete kwa mambo yake binafsi. Ndipo alipogeuka. Aliwapokonya mashujaa wenzake wa kikosi hicho pete zao, akaua, na kwa miaka mingi akawa yeye ndiye adui. Msiba wa mji mmoja ulimbomoa shujaa aliyekuwapo tangu 1959. Hapo huwezi kusema walisahaulika.

Ila kinyozi hakushindwa kabisa. Kati ya watu milioni saba, mwandishi alituonyesha sura za wangapi? Wale waliokuwa wa Hal. Waliobaki ni namba.

Nasi tusijitie usafi. Hapo juu Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi (yaani chifu) Meli pamoja na wenzake 18. Mtoto wa shule anakutajia Meli bila kufikiri. Muulize wale kumi na wanane, atakujibu "na wenzake". Na wale ni watu waliokuwepo kweli, si wino.

"Mbona wanajengewa sanamu?"

Kijana wa simu alikuwa anaifikiria filamu ya mwaka 2016 inayowapambanisha Batman na Superman. Ndani yake kuna bustani huko Metropolis, mji wa Superman, na majina ya waliokufa siku alipopigana na adui mjini humo yamechongwa ukutani. Sawa, majina yapo. Sasa angalia katikati kumesimama nini: sanamu kubwa ya Superman, mtu ambaye ngumi zake zilipasua nusu ya hayo maghorofa. Ndiyo maana Wallace Keefe, aliyepoteza miguu siku ile, anaipanda sanamu hiyo na kuiandika kwa rangi kwamba huyu ni mungu wa uongo. Mimi nikifiwa halafu kaburini ikawekwa picha ya dereva wa gari lililomgonga ndugu yangu, sijui kama ningeishia kwenye rangi.

"Aliyeua ni adui, basi lawama ni ya adui."

Hii ndiyo dhana iliyochukua muda wetu mwingi, hadi foleni ikasimama. Mwaka 2006 kampuni ya Marvel ilitoa Civil War, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven. Vijana mashujaa wa New Warriors wanarekodi kipindi cha televisheni, wanawavamia wahalifu katika mji wa Stamford ili wapate watazamaji, na mmoja wa wahalifu hao, Nitro, analipuka karibu na shule. Wanakufa watu 612, watoto 60 miongoni mwao.

Nitro ndiye aliyelipuka, hilo halina ubishi. Lakini kwenye ibada ya mazishi mama aliyefiwa na mwanawe, Miriam Sharpe, anamtemea mate usoni Tony Stark, tajiri ambaye ndiye shujaa Iron Man, kwa kuwa fedha na sifa za kina Stark ndizo zinazowavuta vijana kwenye kazi hiyo. Kilio chake kinazaa sheria ya kuwasajili mashujaa wote, na sheria hiyo inawagawa pande mbili wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Baadaye tunaambiwa kuna mkubwa wa kampuni ya kuondoa vifusi aliyempa Nitro dawa ya kumuongezea nguvu, maana uharibifu kwake ni tenda. Kinyozi alicheka kwa uchungu, akasema hiyo sehemu haihitaji kutafsiriwa.

Na kumbukumbu? Robbie Baldwin, kijana wa New Warriors aliyenusurika, alivaa vazi la chuma lenye miiba ndani, ya kumchoma yeye. Miiba 612. Ile 60 ya watoto ni mikubwa zaidi. Kwangu mimi hakuna mnara wa marumaru unaoufikia huo, ingawa namba ni namba bado.

Wapo wanaodai kwamba wafu wa kawaida ndio wanaomjenga shujaa: Ben Parker, mjomba wa Spider-Man, mwaka 1962, baba na mama wa Bruce Wayne, yaani Batman, tangu 1939. Kweli, lakini hao waliuawa na vibaka tu, na wanakumbukwa kwa kuwa ni ndugu wa steringi. Mwaka 1999 Gail Simone, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa katuni, alikusanya orodha ya wanawake wa katuni waliouawa au kuumizwa ili mwanamume apate sababu ya kukasirika. Orodha ilikuwa ndefu.

Zamu yangu ilipofika niliwasimulia hadithi moja ya Kurt Busiek, ya mji wa Astro City, wa miaka ya 1990. Mashujaa walipigana na adui anayeuchezea wakati, historia ikavunjika na kuungwa tena, na mwanamke mmoja akaachwa nje kwenye maungio. Hakuwahi kuzaliwa. Mumewe, Michael, anamuota kila usiku bila kumjua, hadi anakaribia kuwehuka. Kiumbe mmoja anamjia, anamweleza kilichotokea, anampa hiari ya kumsahau. Michael anakataa, kisha anauliza wengine huwa wanachagua nini. Anajibiwa kwamba hakuna anayechagua kusahau.

Kinyozi alizima mashine. "Huyo mke alikuwa anaitwa nani, kaka?"

"Miranda," nikamwambia.