Kuhara kwa mjamzito na mzazi: yanayosemwa na ukweli wake

"Ni tumbo tu, litatulia." Mara nyingi hutulia kweli. Lakini mjamzito au mzazi (mama aliyetoka kujifungua) aliyetumia antibiotiki akianza kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, apimwe choo kutafuta bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Dawa inapoua bakteria wenye faida tumboni, huyu hupata nafasi ya kuzaliana na kutoa sumu inayochubua utumbo mpana.

"Huo ni ugonjwa wa wazee waliolazwa." Hata madaktari waliamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2005 taasisi ya CDC ya Marekani, inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilitoa taarifa ya wagonjwa wasiotarajiwa, wakiwemo wajawazito na waliotoka kujifungua. Mmoja alikuwa na miaka 31 na mimba ya mapacha ya wiki 14. Alikuwa ameharisha kwa wiki 3. Antibiotiki alikuwa ameitumia miezi kama 3 nyuma, kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Alitibiwa, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya utumbo mpana, akafariki. Kwa hiyo daktari akikuuliza umetumia dawa gani, usiishie kwenye za wiki hii.

"Meza dawa ya kufunga choo." Tafadhali, si kabla ya kupimwa. Dawa hizo hupunguza mwendo wa utumbo, na sumu inaweza kubaki ndani.

"Kitakasa mikono kinatosha." Hakitoshi. Bakteria huyu hujifunika kwa gamba gumu ambalo spiriti ya kitakasa hailipenyi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo humwondoa mikononi, hasa baada ya kutoka chooni na kabla ya kumshika mtoto.

"Mama akianza matibabu aache kunyonyesha." Hakuna haja. Vankomaisini ya kunywa, ambayo hutumika sana kutibu ugonjwa huu, hubaki karibu yote tumboni. Ni kidogo mno inayoingia kwenye damu. Ndiyo maana hunywewa: ikichomwa kwenye mshipa haifiki utumboni ya kutosha.

"Basi bora kukataa antibiotiki." Hili linanitia hofu kuliko yote. Dozi inayotolewa kabla ya upasuaji wa kujifungua humkinga mama na maambukizi ya kidonda na ya mfuko wa uzazi. Muulize daktari ni ya nini na ni ya siku ngapi. Ukianza kuhara, usiikatishe kimyakimya. Rudi kituoni siku hiyohiyo, hasa kukiwa na homa, damu kwenye choo au tumbo kujaa.