Msongo wa mawazo nyumbani: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

"Kujitunza ni kwa wenye hela na nafasi"

Kauli hii utaisikia kwa mpangaji wa Chang'ombe, na utaisikia kwa mtumishi aliyehamia Dodoma kufuata ofisi za Mtumba. Wengi wakisikia neno kujitunza wanawaza hoteli, masaji na safari. Lakini msongo unakaa mwilini: moyo unakwenda mbio, mabega yanapanda, tumbo linakaza, usingizi unakatika. Vinavyoutuliza mwili ni pumzi, mwendo, usingizi na mtu wa kuongea naye, na vyote hivyo unavyo nyumbani. Shida ni kwamba vikifanywa nusunusu havisaidii, halafu mtu anasema amejaribu akashindwa.

"Vuta pumzi ndefu, utatulia"

Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi kuliko wote, na ndio unaokosewa zaidi. Mtu anavuta hewa kwa nguvu, kifua kinapanda, anaiachia ghafla, anarudia haraka. Dakika haijaisha anapata kizunguzungu, vidole na midomo vinaingia ganzi, na hofu inazidi. Sababu yake ni hii: anapumua hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo. Hana ugonjwa mpya. Amepumua vibaya tu.

Kinachotuliza ni kutoa pumzi taratibu. Mapigo ya moyo hupungua wakati hewa inatoka, kwa hiyo kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Kaa kwenye kigoda au kiti, mgongo ukiegemea ukuta. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu kidogo ya kitovu. Vuta kwa pua polepole ukihesabu 1 hadi 4. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Kisha toa kwa midomo iliyobanwa, kama unayepuliza jiko la mkaa bila kutaka kurusha majivu, ukihesabu hadi 6. Usibane hewa katikati. Hapo unapata karibu pumzi 6 kwa dakika, na dakika 5 zinatosha. Ukiona hesabu ya 6 inakukosesha hewa, anza na 3 kuvuta na 4 kutoa, utaongeza baadaye. Kipindi cha upepo na vumbi safisha pua kwanza na ukae ndani, kwa sababu pua iliyoziba inamrudisha mtu kwenye kupumua kwa kifua.

Zoezi hili lifanywe mara 2 kwa siku ukiwa umetulia, walau wiki nzima, kabla ya kulitegemea siku ya shida. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi mara nyingi halimsaidii.

"Kunawa maji baridi ni kujidanganya"

Siyo. Uso ukiguswa na maji baridi huku umebana pumzi, mwili una kawaida ya kupunguza mapigo ya moyo wenyewe. Dodoma tuna bahati moja ambayo watu wa pwani hawana kwa kiasi hiki: hewa ni kavu, hivyo maji yanayopenya kwenye udongo wa mtungi yanakauka upesi kwa nje na kuacha ya ndani yakiwa baridi bila friji.

Chota kama lita 2 kwenye beseni. Chovya kitambaa, kikamue kidogo tu, inama, kisha funika paji la uso, macho na mashavu. Bana pumzi sekunde 15 hadi 30, achia, pumua kawaida, rudia mara 2. Hapa kubana pumzi kunahitajika, tofauti na zoezi la juu. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayezimia mara kwa mara asilifanye. Na kwa kuwa maji yetu ni ya mgao, hayo ya beseni yamwagie mchicha.

"Glasi moja au kidonge kimoja, nilale"

Tuko mkoa wa zabibu, mvinyo hauko mbali. Pombe kweli inaleta usingizi haraka, lakini inauvunja nusu ya pili ya usiku: saa 9 macho makavu, moyo unadunda, mawazo yamerudi yote. Piritoni nayo ni dawa ya mzio, kusinzia ni athari yake tu. Asubuhi kichwa kinakuwa kizito, na mwili ukiizoea usingizi wenyewe hauji. Valiamu inayonunuliwa bila cheti ni hatari zaidi. Inazoesha, kuiacha ghafla kunaleta hofu na hata degedege, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Kuna na chai ya rangi ya jioni, ambayo hakuna anayeishuku. Ukinywa kikombe saa 12 jioni, saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Mwenye msongo aache chai na kahawa kuanzia saa 8 mchana.

Kinachorudisha usingizi kinachosha kukifuata, lakini kinafanya kazi. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulilala saa 8 usiku. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kusinzia, toka. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambako kitanda ndicho kiti na meza, tandika mkeka pembeni ukae hapo kwenye mwanga hafifu, simu ikiwa mbali, mpaka kope ziwe nzito. Mchana pia kaa kwenye mkeka. Ukilala, ukala, ukapiga hesabu za madeni na kuchati juu ya godoro lilelile, mwili unasahau godoro ni la nini.

"Usifikirie, jishughulishe tu"

Wazo linalosukumwa linarudi, na hupenda kurudi usiku. Lipe saa yake. Chukua daftari, kila siku saa 11 jioni, dakika 15, mezani au barazani na siyo kitandani. Gawa ukurasa kwa mstari: kushoto ninaloweza kulifanyia kitu, kulia nisiloliweza. La kushoto liandikie hatua moja yenye siku. Usiandike "kodi". Andika "Jumanne nitaongea na mwenye nyumba nilipe kwa awamu 2". Bila hatua, daftari linakuwa orodha ya kujitesa. Wasiwasi ukija saa 4 usiku, andika neno moja kwenye karatasi, lisubiri kesho saa 11.

"Mazoezi ni jimu"

Kutembea kwa mwendo wa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha, na ukianza na dakika 10 si vibaya. Hapa kwetu toka saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, jua la mchana litakukatisha tamaa mapema.

"Sali, usiende kusema kwa watu"

Sala na mazungumzo havigombani, na wengi wanahitaji vyote viwili. Wanaoshindwa kusema mara nyingi wanaogopa kuhubiriwa, kwa hiyo tangulia kueleza unachotaka: "Kaka, kuna jambo limenielemea. Sitaki ushauri leo, nisikilize dakika 10 tu."

"Akipelekwa Mirembe ameshakuwa kichaa"

Kauli hii inaumiza, kwa sababu inawaweka watu ndani mpaka wazidiwe. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wapo wanaotibiwa sonona, wasiwasi na uraibu kisha wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Unaweza pia kuanzia kituo cha afya kilicho karibu. Nenda kama huzuni au wasiwasi umezidi wiki 2, kazi zimekushinda, au umeanza kutegemea pombe. Mwenye mawazo ya kujiua aende siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Dawa za shambani na sumu ya panya ziondolewe nyumbani kabla hajarudi. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi hali ilianza lini, unalala saa ngapi kwa usiku, na dawa zote unazokunywa, pamoja na za mitishamba.